Sampuli ya Kumi na Nne

Jumanne, 3 Mei 1994

Panya thelathini na sita, wote wamekula. Wawili wa kizimba cha tisa wana vidonda mkiani, nimewapaka dawa. Umeme umekatika saa nne asubuhi, umerudi saa nane. Friji ya sampuli ilishaanza kutoa maji. Nimedeki.

Daktari Nyoni ameleta mafungu mengine matatu ya majani kutoka mlimani. Mradi wake ni kutafuta mmea unaoshusha sukari mwilini. Wafadhili wanataka jibu kabla ya mwaka kwisha. Kazi yangu ni panya. Nawachoma sindano inayoharibu kongosho, wanapata kisukari kama binadamu, halafu nawanywesha maji ya majani na kuwapima damu ya mkiani. Tumeshajaribu sampuli kumi na tatu. Nyingi ni chai tu.

Leo ni siku ya hamsini na mbili tangu Deo afe. Nazihesabu. Jioni sina kazi nyingine.

Nimeamua. Sampuli ya kumi na nne itakuwa ya Kibwana.

Jumatano, 4 Mei

Niandike vizuri, hasira isije ikapoa nikasahau.

Mume wangu Deo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kisukari alikuwa nacho miaka sita. Vidonge vya hospitali vilimweka sawa. Mwaka jana, mwishoni, dada yake Paulina akampeleka Mwembesongo kwa Kibwana. Huyo Kibwana alikuwa karani wa stoo kiwandani. Kiwanda kikapunguza watu, akarudi nyumbani na kiinua mgongo, akashona koti jeupe, akachora kibao: TIBA ASILIA. SUKARI, PRESHA, NGUVU. Siku hizi kila kitu ruksa. Aliyekuwa anahesabu majora ya vitambaa sasa anatibu watu.

Akampa Deo unga wa mbegu za zambarau na majani ya mwarobaini ndani ya kopo la maziwa. Akamwambia aache vidonge. Deo akaacha. Mtu aliyesoma, akaacha, kwa sababu dada yake kalia.

Alidhani ameacha. Mimi kila asubuhi nilisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikakitia kwenye uji wake. Miezi mitatu. Hakujua. Ningemwacha afe kwa ajili ya karani wa stoo?

Akafa hivyo hivyo. Jumamosi, mchana. Alirudi shamba, akasema hataki chakula, akalala. Nikamkuta anatetemeka, shati limelowa jasho, maneno hayashikani. Akaomba chai yenye sukari nyingi. Sikumpa. Nilijua sukari imempanda, maana unga wa Kibwana si kitu, na asubuhi hiyo nilimfuma na ndizi mbivu. Nikamwambia, sukari ndiyo inayokuua, Deo. Nikatafuta gari kwa jirani. Hakufika hospitali akiwa hai.

Kibwana alikuja msibani. Alikaa mbele. Alikula mara mbili.

Jumapili, 8 Mei

Mjomba Pius katuma habari kutoka Mlali. Tanga la Deo litaanuliwa Jumamosi, tarehe 25 Juni, watu wakishavuna na Neema akiwa likizo.

Huyu ni mjomba wake Deo, mkubwa wa ukoo wao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo Deo alikuwa wao na msiba ni wao. Kwetu Upare mtoto ni wa baba. Binti yangu Neema amebaki katikati, kila upande unasema ni wa wenzao. Deo alikuwa akilicheka sana jambo hili.

Ukoo wao una desturi. Siku ya kuanua tanga Mjomba husimama mbele ya watu na kuuliza: ndugu yetu alikufa na nini? Mwenye neno analisema. Mjomba akishasikia anafunga neno, na likishafungwa hakuna wa kulifungua tena, hata mgombane miaka ishirini.

Basi mimi nataka siku hiyo niwe na karatasi mkononi, yenye mhuri. Iseme unga wa Kibwana ni uchafu usioshusha sukari hata ya panya. Nataka Paulina asimame mbele ya ukoo wake aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amemuua kaka yake. Nataka kulisikia hilo. Kibwana nataka afungiwe, na ikibidi afungwe.

Wanasema Mpare huuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Ni kweli. Na huyu wangu hakuwa kuku.

Jumatatu, 9 Mei

Nimekwenda Mwembesongo baada ya kazi, na kitenge changu cheusi, mjane kamili. Nimekuta foleni ya watu saba. Mmoja ni mwalimu mwenzake Deo. Alinikwepa macho.

Kibwana alinipokea kwa heshima zote. Pole mama Neema, na wewe imekupata? Nikasema imenipata. Hakunipima mkojo wala damu. Alinishika mkono, akafumba macho kidogo, akasema ipo. Sina kisukari mimi. Najipima kila mwezi kwa vijiti vya kupimia sukari vya kazini.

Akanipa kopo. Halafu akasema lile lile alilomwambia Deo: ukianza hii, vidonge vya hospitali acha kabisa, havipatani. Alilisema mara tatu huku kanishika mkono. Nimelikariri neno kwa neno. Hilo peke yake linatosha kumtia ndani.

Nilisema, asante daktari. Lilinitoka kwa shida.

Alhamisi, 12 Mei

Nimeanza. Panya sita wenye kisukari wanapewa unga wa Kibwana, sita wenzao wanapewa maji matupu. Kwenye daftari nimeandika: Sampuli ya 14, unga, mbegu za zambarau na mwarobaini, Mwembesongo. Hakuna uongo hapo. Daktari hakuuliza. Anaandika taarifa ya wafadhili, vizimbani hapiti.

Nataka wasishuke hata chembe. Nilipokuwa nawanywesha nilijikuta naomba Mungu wafe na sukari yao. Sikuona haya.

Jumatatu, 16 Mei

Wameshuka.

Nimepima mara ya pili. Nimefungua pakiti mpya ya vijiti nikapima mara ya tatu. Wameshuka wote sita. Wale wa maji matupu wako pale pale.

Jumatano, 18 Mei

Wameshuka zaidi. Hakuna sampuli kati ya zile kumi na tatu iliyofanya hata nusu ya hiki.

Nilikuwa nafikiria kufuta namba. Kalamu ilikuwa mkononi. Daktari akaingia kutafuta miwani yake, akaliona daftari limefunguka. Akasoma akiwa amesimama. Akavuta stuli akakaa, akasoma tena.

"Mama Neema, hii umeitoa wapi? Hii ndiyo yenyewe!"

Sijamwona na furaha hivyo tangu wafadhili walipoleta gari. Ameagiza panya wazima wasio na kisukari nao wapewe, tuone. Anasema tumtafute huyo mzee wa Mwembesongo tumpe heshima yake, jina lake liingie kwenye makala.

Jina la Kibwana kwenye makala. Nilikwenda chooni nikapiga ukuta kwa kiganja hadi kikauma.

Jumapili, 22 Mei

Sikwenda kanisani. Padri angesoma habari za kusamehe na mimi sina nafasi hiyo.

Wiki hii ilikuwa Iddi. Jirani kaleta pilau, akanieleza na habari ambazo sikumwuliza: Kibwana kachinja ng'ombe, kagawa nyama mtaa mzima. Watu wanamwita daktari hata watoto wadogo.

Nafikiri na kufikiri. Ikiwa dawa yake inafanya kazi, Deo alikufa na nini? Dawa ikifanya kazi, Paulina alikuwa sahihi, na mimi ndiye mke mbishi wa maabara aliyekuwa anabeza. Siwezi kukubali. Najua alimuua. Sijui tu kamuuaje.

Jumanne, 24 Mei

Panya wazima wamepewa sampuli ya 14 saa mbili asubuhi. Saa tano walianza kutetemeka. Wawili walilala ubavu. Mmoja manyoya yalimsimama, akarusharusha miguu, akafa mkononi mwangu.

Nikamwita Daktari. Akamwangalia wa pili, akapima, akasema sukari imeshuka mno, leta maji ya sukari haraka. Nikaleta. Akamdondoshea mdomoni kwa bomba la sindano, tone, tone. Hazikupita dakika nyingi. Panya akainuka, akajipangusa masharubu, akatembea kwenda kwenye chakula.

Daktari akasema majani hayafanyi hivi. Majani humshusha mgonjwa taratibu, mzima humwacha alivyo. Humu mna kitu kingine.

Mimi nilikuwa namwangalia panya anavyokula. Deo alitetemeka hivyo. Deo aliomba chai yenye sukari.

Siandiki zaidi.

Ijumaa, 27 Mei

Jana niliugua. Leo nimekwenda kazini kwa sababu nyumbani ni pabaya zaidi.

Nimemwambia Daktari unga ni wa nani na kwa nini niliuingiza. Alinigombeza kweli, na haki yake, nimeingiza kitu kwenye mradi wake bila ruhusa. Halafu akacheka kidogo bila furaha. Akasema ninyi Wapare bwana. Akaniambia twende tukautazame huo unga.

Tuna vipande vya kioo vyenye utando mweupe. Unadondosha tone la kitu usichokijua, pembeni yake tone la kitu unachokijua, unasimamisha kioo ndani ya dawa kidogo, ile dawa inapanda na kuyabeba matone. Vitu viwili vikiwa ni kimoja, vinasimama kimo kimoja. Nilidondosha unga wa Kibwana. Pembeni nikadondosha vidonge vya sukari vya hospitali, vile vya Deo. Vilibaki kabatini.

Vikasimama kimo kimoja. Nimerudia kwa vioo vinne.

Kibwana anasaga vidonge vya hospitali anachanganya na zambarau. Ndiyo maana watu wanashuka. Ndiyo maana anawakataza vidonge.

Daktari akaniuliza, mumeo alikuwa anatumia hii? Nikasema ndiyo. Na vidonge vyake? Nikasema aliacha.

Jumamosi, 28 Mei

Nitaliandika mara moja tu.

Unga wa Kibwana ulikuwa na vidonge. Mimi nikamwekea vingine kwenye uji. Deo alimeza dozi mbili kila siku, moja anaijua na moja haijui. Jumamosi ile alikwenda shamba, akalima, hakula mchana. Sukari ikaisha mwilini. Aliomba chai. Mwili wake ulijua, na mimi niliyesomea haya mambo nikamkatalia, nikamhubiria.

Angemsikiliza Kibwana peke yake angekuwa hai. Angenisikiliza mimi peke yangu angekuwa hai.

Nilidhani nikilijua hili chuki yangu kwa Kibwana itapungua. Namchukia zaidi. Angeuza uchafu mtupu, kama nilivyoamini, kidonge changu kingemponya Deo. Udanganyifu wake ndio uliofanya kidonge changu kiwe sumu. Nimelizungusha hivi siku nzima na kila nikilizungusha linaishia mlangoni kwake. Halafu linatoka mlangoni kwake linarudi kwangu.

Unga wa uji uliobaki kwenye kopo nimewamwagia kuku wa jirani.

Alhamisi, 2 Juni

Daktari amesema ataandika taarifa na kuitia saini. Anataka vipimo vingine viwili kwanza. Nimevifanya siku moja.

Nimelala saa nyingi. Nimeota nagombana na mtu sokoni, nampiga, hanirudishii.

Ijumaa, 10 Juni

Nilikwenda kumwona Kibwana uso kwa uso. Sikuwa na sababu nyingine. Nilitaka kabla hajafungiwa ajue ni mimi.

Nikasubiri foleni iishe. Nikamwekea kioo mezani, nikamweleza matone mawili ni nini. Nilitarajia akane. Hakukana. Alikaa, akavua koti jeupe akalitundika. Ndani alikuwa na fulana ya mtumba iliyotoboka begani.

"Majani peke yake yanachelewa, mama Neema. Watu wanataka wapone wiki hii hii. Na vidonge vipo, maduka yako kila kona, vinauzwa kama pipi. Nani siku hizi anaulizwa cheti?"

Nikamwambia umemuua mume wangu. Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, alikuwa anafikiri.

"Mwalimu nilimkataza vidonge. Nilimkataza sana. Dozi yangu naipima, haiui mtu." Akaniangalia. "Mama Neema, alikuwa anakula vingine?"

Nikasema hapana.

Aliendelea kuniangalia. Karani wa stoo huyo, maisha yake yote kahesabu vinavyoingia na vinavyotoka. Alijua vimezidi. Nikachukua kioo changu nikatoka. Nilikwenda kumtisha, nimerudi nimetishika mimi.

Lazima afungiwe kabla hajasema kitu.

Jumatatu, 13 Juni

Nimepeleka taarifa ya Daktari kwa wakubwa wa afya. Ina saini na mhuri. Sikuituma kwa tarishi, nimeipeleka mwenyewe, nimekaa kwenye benchi hadi ikapokelewa. Yule bwana aliisoma mistari miwili akaniita ndani. Akaniuliza mwenyewe. Nilieleza vizuri. Nilieleza yote ya Kibwana.

Ijumaa, 17 Juni

Kufuli. Nimepita kwa miguu kuliona. Kufuli kubwa jipya na karatasi imebandikwa mlangoni. Kibao bado kipo. Watu wanne walikuwa wamekaa kwenye ngazi wanasubiri, hawajui. Mzee mmoja ameshika kopo tupu.

Nilidhani nitacheka. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Yule mzee akaniuliza, mwanangu, daktari atarudi lini? Nikamwambia aende hospitali. Akasema hospitali dawa hakuna, unaandikiwa ukanunue.

Jumapili, 19 Juni

Paulina amekuja. Habari zimemfikia. Alianguka mlangoni kabla sijamwambia karibu, akashika miguu yangu. Wifi, nimemuua kaka yangu. Wifi, nimemuua kaka yangu.

Ndilo neno nililokuwa nalitaka. Nililisubiri tangu Machi. Nilimwangalia kisogo, nywele zimeota mvi ambazo mwaka jana hazikuwepo. Nikamwambia, hayo utayasema Mlali.

Ndivyo nilivyomwambia. Nikampa na nauli.

Jumapili, 26 Juni, Mlali

Naandika nyuma ya nyumba ya Mjomba, juu ya gunia la mahindi. Hakuna anayenisemesha, kwa hiyo nina muda.

Jana walikuja watu wengi. Walimu wenzake Deo, wanakwaya, ukoo wote kutoka juu milimani, na mizigo ya njegere na ndizi. Ibada iliisha saa sita. Watu wakala. Halafu wakatuita wa ndani, tukakaa kwenye mikeka uani, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Neema alikaa karibu yangu na sketi yake ya shule. Kidato cha tatu. Ana magoti ya baba yake.

Mjomba Pius akasimama na fimbo. Akauliza. Ndugu yetu alikufa na nini?

Nikatoa taarifa. Mwalimu mmoja akaisoma kwa sauti, akaieleza kwa Kiswahili chepesi. Kwamba unga ulitiwa vidonge. Kwamba vidonge vikizidi sukari huisha mwilini na mtu hufa. Watu wakaguna. Jina la Kibwana likapita mdomo kwa mdomo, na vijana wawili wakaapa kumtafuta. Kila kitu kilikwenda nilivyopanga. Hata mhuri walipokezana kuutazama.

Paulina akasimama. Hakulia. Akasema mimi ndiye niliyempeleka. Alikataa, nikamlilia. Kaka yangu nimemuua mimi. Akakaa.

Mjomba akasema ukoo umesikia. Akasema Paulina hatawapikia tena watu wa ukoo kwenye shughuli yoyote, wala hatapokea mtoto mchanga wa ukoo mikononi, hadi kufa kwake. Akalisema polepole, na ni mtoto wa dada yake mwenyewe. Paulina alikuwa ameweka viganja chini kwenye mkeka, kama mtu anayezuia mkeka usipeperuke. Mjomba akauliza mara ya mwisho, kuna mwenye neno? Akainua fimbo alifunge.

Nilikuwa nimeshinda. Kibwana ana kufuli, Paulina amehukumiwa na damu yake. Ilikuwa ninyamaze tu, muda wa mtu kushusha fimbo.

Sikusimama kwa wema. Niliandike hivyo, nisije nikajidanganya nikizeeka. Miaka kumi na saba naandika namba za panya, sijawahi kuruka kizimba hata siku niliyofiwa na mama yangu. Mwalimu alikuwa ameshika ile karatasi, na mimi naijua karatasi hiyo ina nafasi moja tupu. Na kesi ile ilikuwa na washtakiwa watatu. Wawili walikuwa wameshahukumiwa. Nilishindwa kukaa.

Nikasema, Mjomba, usilifunge.

Nikasema yote. Kijiko, uji, miezi mitatu. Chai aliyoomba. Nilisema kwamba dozi ya Kibwana peke yake isingemuua, na dozi ya hospitali peke yake isingemuua. Nilisema Paulina alimpeleka kwa mganga mchana kweupe, watu wanaona, na mimi nilimlisha kwa siri ndani ya nyumba yake.

Kuku waliendelea kuparua. Neema alikuwa anaangalia mbele. Alisogeza goti lake, likaacha kunigusa.

Mjomba aliegemea fimbo. Akasema, aliyemwambia Deo uongo ni mganga, na aliyemficha Deo ukweli ni mkewe, na wote walisema wanamtibu. Adhabu ya Paulina akaiondoa. Mimi hakunipa adhabu. Alisema mimi si wa ukoo, hana mkono juu yangu. Akagonga fimbo chini. Neno likafungwa.

Ningependa angenipa adhabu.

Jumapili, 3 Julai

Daktari ana habari. Kibwana ameonekana Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga. Kibao kipya, kikubwa zaidi, kina picha ya mti. Wiki mbili tu. Daktari amepandisha hasira sana, anasema tuandike tena. Tutaandika. Nitaipeleka mwenyewe tena. Ila zamani ningeshaanza safari leo leo, na viatu ningevaa njiani.

Mchana Paulina alikuja kuchukua nguo za Deo. Ni haki yao, nguo za marehemu zinarudi kwao. Nilikuwa nimezifua na kuzipiga pasi. Koti la kwenda kanisani lilikuwa na vipande vya chaki mfukoni, nikaviacha humo.

Nilimpikia. Wali na maharage, nikamkaribisha. Hakugusa. Hakunywa hata maji. Alitoa chupa yake kwenye kikapu, na muhogo wa kuchemsha kutoka Mlali uliofungwa kwenye jani, akala mezani kwangu huku ananitazama. Hakunisalimia akija wala hakuniaga akiondoka. Ile sura naijua. Niliivaa mimi miezi mitatu na nusu kila nilipopita Mwembesongo.

Simlaumu. Hana wa kumpelekea karatasi.

Jumanne, 5 Julai

Panya thelathini na mmoja. Umeme haukukatika. Sampuli ya 15 imeanza, majani mapana kutoka juu huko, yananuka kama sabuni. Hakuna kilichoshuka bado.

Neema anarudi shule Jumamosi. Tangu Mlali anajipakulia mwenyewe. Sufuria likiwa jikoni na yeye yuko jikoni, anaangalia mikono yangu. Haniulizi kitu. Ananiamkia vizuri, anafagia, anachota maji.

Leo alisema atapika yeye. Nikamwachia. Nikakaa sebuleni nikisikiliza vyombo. Alileta ugali, mchicha na dagaa, akaniwekea sahani yangu, akakaa upande wa pili bila kula, akanitazama.

Sikumwuliza ameweka nini. Nilinawa, nikala chote.